Mbio zimeisha, mvua zimeanza: mazoezi na chakula cha mwendesha baiskeli wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka mvua zikishashika, maswali huwa ni yale yale. Niache baiskeli kabisa hadi Mei? Niendelee kukimbiza kama kawaida? Tumbo limeanza kutoka, niache ugali? Na Ramadhani ikiingia katikati nifanyeje? Nimeyakusanya majibu yote mahali pamoja ili tusiwe tunarudia kila Desemba.

Nakuandikia wewe unayeshindana. Kama ndiyo kwanza umenunua baiskeli, endesha kwa raha zako mwaka mzima, haya yatakusubiri.

Nadharia ni fupi. Ukiacha kabisa, uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka ndani ya wiki 2 hadi 4. Ukikaza kila siku miezi 12, mwili unachoka mpaka mafua madogo yanakulaza. Wengi wa huku huharibu msimu ujao kwa moja kati ya hayo mawili, na wa pili ndio wengi zaidi: hawawezi kuona mgongo wa mwenzao barabarani wakauacha uende.

Kuhusu kalenda: mipango mingi ya mazoezi imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao msimu wao unaisha Oktoba na baridi inaingia. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Nachukulia mbio zako kubwa ziko kiangazi. Kama ziko mwezi mwingine, hesabu wiki 18 kurudi nyuma kutoka mwezi unaotaka kuanza kukaza kweli, na uanzie hapo: wiki 2 za kupumzika, 12 za msingi, 4 za kuongeza makali.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Baiskeli iliyofanyiwa matengenezo. Fedha ya korosho ikiingia kila mtu anataka rimu mpya. Nunua kwanza tairi nzuri, cheni na breki. Mvua na mchanga wa pwani vinakula cheni haraka, na chumvi ya bahari inamalizia.
- Helmeti, taa nyekundu ya nyuma na fulana inayong'aa. Msimu wa korosho malori ya kwenda bandarini ni mengi, na asubuhi ya mvua dereva hakuoni.
- Saa yenye sekunde. Kipima mapigo cha kifuani ni kizuri, lakini unaweza bila hicho.
- Daftari na kalamu.
- Mizani. Kama huna, ya dukani au ya zahanati inatosha mara moja kwa wiki.
- Vidumu viwili, cha lita 10 na cha lita 20. Hiyo ndiyo jimu yako.
- Chupa 2 za maji za kwenye fremu.
- Chandarua. Sababu yake utaiona mwishoni.

Hatua ya 1: Pumzika kweli, wiki 2

Wiki ya kwanza usiguse baiskeli ya mashindano. Ya kwendea sokoni ruksa. Wiki ya pili tembea, ogelea pale Shangani, cheza mpira na watoto. Lala. Kama una kidonda au goti lililokusumbua tangu Agosti, huu ndio wakati wa kwenda kuangaliwa, usisubiri wiki ya mbio.

Uzito ukipanda kilo 1 au 2 kipindi hiki usishtuke. Mwili wa mwaka mzima wa mashindano ulikuwa unadai.

Hatua ya 2: Jipime

Siku tatu mfululizo, ukiamka na kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60. Andika. Chukua wastani, hiyo ndiyo namba yako ya kupumzika. Kuanzia hapo, asubuhi yoyote ukikuta imepanda kwa mapigo 7 hadi 10 juu ya kawaida, siku hiyo punguza au pumzika.

Pima uzito asubuhi baada ya kwenda haja. Halafu chagua mwinuko mmoja unaoujua vizuri, kwa mfano moja ya vilima vinavyoizunguka Mikindani, uupande kwa nguvu za kawaida na uandike muda, pamoja na mapigo au pumzi yako ilivyokuwa. Utaurudia mara moja kila wiki 4. Basi, vipimo vimeisha.

Hatua ya 3: Hesabu kazi ya shamba

Hatua hii huioni kwenye mipango ya wenzetu wa Ulaya. Desemba na Januari wengi wetu tuko shambani: kulima, kupanda, kupalilia. Wengine wanabeba magunia ghalani, wengine wanapakia abiria na mizigo kwenye baiskeli siku nzima. Mwili hautofautishi uchovu wa jembe na uchovu wa pedali.

Kwa hiyo andika kwenye daftari: saa 4 za jembe ni siku ya mazoezi ya nguvu. Siku hiyo usiongeze vidumu jioni. Ukitaka kuendesha, endesha dakika 40 za kulegeza miguu. Anayelima asubuhi, akabeba jioni, akakimbizana barabarani kesho yake alfajiri, Februari hana miguu na hajui ni kwa nini.

Hatua ya 4: Jenga msingi, wiki 12, taratibu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wanaposhindwa, kwa sababu inatia aibu. Mwendo wenyewe ni ule ambao unaweza kumsimulia mwenzako habari ya jana kwa sentensi nzima nzima bila kukata pumzi. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukianza kujibu "ndiyo" na "hapana" tu, umezidisha. Kwa wenye kipima mapigo, ni kama asilimia 65 hadi 75 ya mapigo yako ya juu kabisa.

Mwinuko ukikuta, shusha gia mpaka miguu izunguke kwa wepesi. Bodaboda atakupita, mzee mwenye pakacha la samaki atakupita, mpinzani wako wa mwaka jana atakupita huku akigeuka kukuangalia. Waache wapite.

Wiki moja ya kawaida, kwa mtu mwenye saa 7 hadi 9:

1. Jumatatu: pumziko.
2. Jumanne: saa 1 na nusu, taratibu.
3. Jumatano: mazoezi ya nguvu (hatua ya 5), au shamba.
4. Alhamisi: saa 1 na nusu, taratibu, lakini ndani yake weka mbio fupi 6 za sekunde 10, ukipumzika dakika 5 kati ya moja na nyingine. Zinazuia miguu isisahau kasi.
5. Ijumaa: mazoezi ya nguvu, mafupi. Anayekwenda msikitini ayafanye mapema.
6. Jumamosi: saa 1, ya kulegeza.
7. Jumapili: safari ndefu. Anza na saa 2 na nusu, ongeza dakika 15 kila wiki hadi ufike saa 4.

Kila wiki ya nne punguza muda wote kwa karibu theluthi. Usiiruke wiki hiyo hata ukijisikia simba. Nguvu ya wiki tatu zilizopita inakaa mwilini wakati huo.

Toka saa 12 asubuhi kunapopambazuka, uwe umerudi kabla ya saa 4 siku zisizo za safari ndefu. Joto la Januari lenye unyevunyevu wa pwani hupandisha mapigo hata mwendo ukiwa ule ule, kwa hiyo usijilazimishe kufikia kasi ya Julai. Fuata pumzi, achana na kilomita kwa saa.

Upepo nao upangie. Desemba hadi Machi ni kaskazi. Anayetoka Mtwara kuelekea Mikindani na barabara ya Lindi anakutana nao akiwa bado ana nguvu, akigeuza unamsukuma nyumbani. Kiangazi kwenye kusi mambo yanageuka: unakwenda kama malaika, unarudi ukilia. Aliyeko Lindi mjini aangalie bendera au minazi kabla ya kutoka na aanzie upande unaompinga.

Wa Newala na Tandahimba mna uwanda wa juu na mna miteremko mikali ya kingo zake. Kipindi hiki bakini juu kwenye tambarare. Kushuka mteremko wenye tope ili upate mlima wa kupanda ni kutafuta kuvunjika bega.

Makosa ya hatua hii: kugeuza kila safari ya kundi kuwa mashindano, kuruka siku tatu za mvua kisha kuzilipa zote Jumapili, na kuendesha gia nzito "ili kujenga miguu". Miguu inajengwa na hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Nguvu, mara 2 kwa wiki

Pasha mwili dakika 10. Kisha:

1. Kuchuchumaa na kusimama ukiwa umekumbatia kidumu kifuani. Seti 3 za mara 10. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo kidumu cha lita 20 kikijaa ni kilo 20 na ushee.
2. Kupanda kwenye benchi imara kwa mguu mmoja, vidumu mikononi. Mara 8 kila mguu, seti 3.
3. Kuinua mzigo kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka, nguvu ikitoka kwenye mapaja na makalio. Gunia la mchanga linafaa. Mara 8, seti 3.
4. Kulala kifudifudi kisha kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili uwe mstari mmoja. Sekunde 30 hadi 60, mara 3.
5. Pushapu, kadiri uwezavyo bila kuvunja umbo. Seti 2.

Pumzika dakika 2 kati ya seti. Mzigo uwe ule unaokuachia uwezo wa kurudia mara mbili tatu zaidi, si ule unaokutetemesha. Wiki 2 za kwanza tumia kidumu cha lita 10 hata kama unajiona una nguvu, maana maumivu ya paja siku ya pili yatakunyima baiskeli siku nne.

Hatua ya 6: Sahani yako

Usiache ugali. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza watu wanalofanya. Wanga ndio mafuta ya injini, unachobadilisha ni kiasi kulingana na kazi. Siku ya pumziko, gramu 3 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako. Siku ya saa 1 na nusu, gramu 5. Siku ya safari ndefu, 6 hadi 7. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni gramu 200 na kitu siku ya kukaa, na kama 400 au zaidi siku ya Jumapili. Gramu 300 za unga wa sembe zina wanga kama gramu 230. Kwa macho tu: siku ya pumziko ugali robo ya sahani, siku ya kawaida theluthi, siku ndefu nusu.

Protini ndiyo inayokosekana zaidi. Lenga gramu 1.6 kwa kilo. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama 104 kwa siku, na zinapatikana hapa hapa bila kopo la unga wa dukani:

- mayai 2: gramu 12
- kikombe cha choroko, kunde au mbaazi zilizopikwa: kama 15
- kipande cha samaki cha gramu 150: kama 30
- dagaa wakavu, konzi moja nzuri ya gramu 30: kama 16
- karanga au korosho, gramu 30: 5 hadi 7
- ugali wa sembe wa unga gramu 300: kama 24

Jumla imefika. Lakini angalia mstari wa mwisho. Ukibadilisha sembe kwa unga wa muhogo, zile gramu 24 zinashuka hadi kama 5, maana muhogo ni wanga mtupu. Muhogo ni chakula kizuri cha mwendesha baiskeli, mimi naupenda kuliko sembe, ila siku ya ugali wa muhogo ongeza kipande kingine cha samaki au bakuli lingine la mbaazi. Muhogo mchungu lazima uwe umelowekwa na kukaushwa inavyotakiwa; makopa ya harakaharaka yana sumu, na mtu anayekula protini kidogo ndiye inayemuumiza zaidi.

Gawanya protini hiyo milo mitatu au minne. Mtindo wa chai na kitumbua asubuhi, halafu samaki wote usiku, haufai.

Korosho: gramu 100 zina nishati kama kalori 550. Konzi moja kwa siku ni neema. Ukikaa na bakuli ghalani mchana kutwa, hilo ndilo tumbo unalolalamikia. Tui zito kila siku nalo vivyo hivyo. Siku ya pumziko pika kwa tui la pili.

Mboga na matunda sina haja ya kukuhubiria, Desemba maembe yanaoza chini ya miti. Kisamvu kipikwe mpaka kiive kabisa.

Kama kweli unahitaji kupungua, usizidi nusu kilo kwa wiki, na upunguze siku za pumziko tu, kamwe usipunguze chakula cha siku ndefu. Dada zangu: hedhi ikikatika kwa sababu ya mazoezi na kula kidogo, hiyo si dalili ya kuwa fiti. Mwili hauna chakula cha kutosha na mifupa inadhoofika. Ongeza chakula, mwone daktari.

Hatua ya 7: Kula na kunywa barabarani

Safari chini ya dakika 75: maji tu. Zaidi ya hapo, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ukianza dakika ya 30 kabla hujahisi njaa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Kipande cha muhogo wa kuchemsha cha gramu 100 kina 35 na zaidi. Korosho na karanga ziache nyumbani, zinakaa tumboni.

Kinywaji: lita 1 ya maji salama, vijiko 12 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chumvi, limau au ukwaju. Kinakupa kama gramu 50 za wanga. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na chumvi ndiyo inayokutoka zaidi kwa jasho. Tia chumvi kidogo.

Mara moja moja jipime kabla na baada ya safari. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji. Rudisha lita 1 na nusu kwa kila kilo, polepole, pamoja na chakula.

Hatua ya 8: Ramadhani

Kwa miaka hii inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Kwa hiyo inakutana na msingi wetu, jambo ambalo ni bahati: mwendo wa taratibu ndio unaovumilika ukiwa umefunga.

1. Punguza muda wa wiki kwa theluthi moja hadi nusu. Lengo ni kushikilia ulichonacho.
2. Endesha dakika 45 hadi 60 kabla ya magharibi, ili ushuke kwenye baiskeli na futari iko mezani. Siku ya mvua au malori mengi, fanya mazoezi ya nguvu nyumbani baada ya tarawehe.
3. Fungua kwa tende na maji, kisha uji. Mihogo au magimbi ya nazi yafuate, na samaki asikosekane. Kaimati ziwe za kuonja.
4. Gawa maji kati ya futari na daku, usinywe lita 2 kwa mkupuo.
5. Daku usiliruke: wali au ugali, maharage, yai, tunda.

Ukisikia kizunguzungu au jasho la baridi barabarani, shuka, kaa kivulini. Safari ndefu zisubiri Idi.

Hatua ya 9: Ongeza makali, wiki 4

Sasa badilisha safari za Jumanne na Alhamisi. Jumanne: baada ya kupasha dakika 20, endesha mara 3 za dakika 10 kwa mwendo ambao unaweza kusema maneno matatu manne tu, ukipumzika dakika 5 kati yake. Alhamisi, kuanzia wiki ya tatu: mara 5 za dakika 3 kwa nguvu kwenye mwinuko. Zinazobaki zote zibaki taratibu kama zamani. Nguvu ya vidumu ishuke hadi mara 1 kwa wiki.

Likikwama

*Goti linauma mbele.* Mara nyingi siti iko chini mno au gia ni nzito. Pandisha siti milimita chache na uzungushe pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Likiuma nyuma, siti iko juu mno.

*Nimekaa wiki 6 na kasi haijaongezeka.* Angalia daftari: je, ule mwinuko unaupanda kwa mapigo machache au pumzi nafuu kuliko mwanzo? Kama ndiyo, inafanya kazi. Kama hapana, jiulize kama taratibu yako ni taratibu kweli.

*Nalala vibaya, nina hasira, mapigo ya asubuhi yako juu.* Pumzika siku 3, kula zaidi. Usimeze vinywaji vya kuongeza nguvu ili uendelee.

*Naumwa mgongo, nimeze diklofenaki kabla ya safari?* Hapana. Dawa hizo pamoja na upungufu wa maji zinaumiza figo.

*Nahisi sina damu, ninunue vidonge vya madini ya chuma?* Kapime kwanza. Chuma kikizidi kinadhuru, na uchovu una sababu nyingi.

*Nina homa kidogo, nitoke nijitoe jasho?* Kipindi hiki cha mvua homa ni malaria hadi kipimo kikatae. Usipande baiskeli, nenda zahanati, upimwe siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa mseto maliza dozi yote ya siku 3 hata kama homa imeshuka kesho yake. Baada ya dozi pumzika siku nyingine 4 au 5, kisha rudi na dakika 30 za kulegeza, na wiki nzima usivuke mwendo wa kuongea. Malaria hula damu, kwa hiyo kama baada ya wiki 2 bado unahema kwenye ngazi, rudi ukapime wingi wa damu. Mkojo ukiwa mweusi au macho ya njano, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo.